Jengo la Kale Likiachwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wanaopenda majengo ya kale yasiyo na mtu ndani: wanaoyapiga picha, waliorithi moja na hawajui waanzie wapi, na majirani wanaoliona likizama kila msimu wa mvua.

Kwa nini jengo lililoachwa linapendeza kiasi hiki?

Kwanza ni mwanga. Paa likitoboka, jua linafika mahali ambapo mjenzi hakulikusudia lifike, na kuta zilizokaa gizani tangu zijengwe zinaonekana kwa mara ya kwanza. Pili ni umri unaosomeka kwa macho. Tazama kipande cha rangi kilichojikunja ukutani. Ukingo wake una mistari kama ya kurasa za kitabu kilichofungwa: kijani juu, krimu chini yake, bluu ya zamani zaidi, halafu chokaa nyeupe ya siku watu walipohamia. Kila mstari ni mtu aliyetaka chumba chake kipendeze.

Pako mahali uzuri wa namna hii umepata sifa kuliko mji wenyewe ulipokuwa hai. Kolmanskop, mji wa almasi katika jangwa la Namib, ulihamwa kabisa mwaka 1956, na sasa mchanga umejaa vyumbani na milango imekwama nusu wazi. Katika Koloseo ya Roma, daktari Mwingereza Richard Deakin alihesabu aina 420 za mimea iliyoota juu ya kuta, akachapisha orodha yake mwaka 1855. Baadaye mimea hiyo iling'olewa ili kuta zipone.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Karibu kila kinachovuta macho ni dalili ya ugonjwa. Rangi inajikunja kwa sababu nyuma yake kuna unyevu. Zulia la majani mabichi ghorofani lina maana mbao zilizo chini yake zimelowa. Usiache kuupenda uzuri huo, ila jifunze kuusoma, maana ndio unaokuambia jengo limebakiwa na muda gani.

Jengo limesimama miaka mia mbili. Linaangukaje ndani ya miaka kumi baada ya kuachwa?

Halikusimama peke yake. Kuna mtu alikuwa anazoa majani kwenye gata, anarudisha kigae kilichoteleza, anafungua madirisha asubuhi. Kazi hizo ndogo zikikoma, maji yanachukua nafasi.

Piga hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 100 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 50 linapokea lita 5,000. Gata ikiziba, sehemu kubwa ya maji hayo inateremka ukutani, tena mahali palepale kila mara. Ukuta mnene unayafyonza. Ncha za boriti zimepachikwa ndani ya ukuta huo, nazo hulowa kimyakimya bila mtu kuziona. Mbao ikipita unyevu wa asilimia 20 hivi, kuvu na mchwa wanapata makao. Katikati ya boriti panaweza kuwa pazima kabisa huku ncha yake imekuwa kama sifongo. Siku ncha ikiachia, boriti inashuka, dari inaifuata, na ukuta uliokuwa umeshikwa na dari hiyo unabaki bila mshiko na kuanza kuegemea nje.

Historia ina ushahidi mzito. Mfalme Henry VIII alipofunga nyumba za watawa za Uingereza katika miaka ya 1530, moja ya vitu vya kwanza kuchukuliwa ilikuwa risasi ya mapaa, yaani madini laini yaliyoezekea paa, kwa kuwa ilikuwa mali. Magofu kama Fountains Abbey, ambayo watu huyapiga picha leo, yalianza na paa kuvuliwa.

Nianzie wapi kulikagua?

Nje, na ikiwezekana wakati mvua inanyesha. Dakika ishirini za kuangalia maji yanapita wapi zinafundisha kuliko siku nzima ya kiangazi. Zunguka jengo ukitafuta mistari ya kijani au myeusi ukutani, kwa maana mara nyingi mstari una mlizamu uliovunjika juu yake. Tazama kama udongo umepanda kuzunguka kuta. Mara nyingi takataka na majani ya miaka mingi yameuinua hadi juu ya sakafu ya ndani, na maji yanaingia kwa mlango wa nyuma, kama wasemavyo mafundi. Kisha simama mbali na ulitazame paa kwa mstari: likiwa na bonde, kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zilizo chini yake zimechoka.

Mbao pima kwa bisibisi nyembamba. Ikizama milimita chache tu na kukwama, mbao ni nzima. Ikiingia kama kwenye mkate, imekwisha. Jaribu ncha zilizo karibu na ukuta kabla ya katikati.

Ufa gani ni wa hatari?

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tumefundishwa tangu utotoni. Kwenye jengo la kale liko sharti moja: usiuzibe kabla hujaujua. Ufa uliozibwa kwa zege bila kujulikana chanzo hufunguka tena pembeni yake, na safari hii huna kumbukumbu ulikuwa unaelekea wapi.

Upana ni kigezo cha kwanza. Chini ya milimita 2, mara nyingi ni lipu tu. Ukifika milimita 5 na kuendelea, mwite mhandisi. Umbo lina maana zaidi. Ufa unaopanda kwa ngazi kutoka kona ya dirisha hutokana mara nyingi na msingi unaodidimia upande mmoja. Ufa wa wima kwenye kona, mpana juu na mwembamba chini, ni dalili ya ukuta unaoachana na mwenzake na kulalia nje. Nyufa za mlalo, zinazokwenda sambamba na ardhi, zikijirudia kwa nafasi sawa huonyesha chuma kilichofichwa ndani kinashika kutu.

Baada ya hapo, pima mwendo wake. Pachika misumari miwili midogo isiyoshika kutu, mmoja kila upande wa ufa, upime nafasi kati yao kwa kalipa (chombo cha kupimia nafasi ndogo) mara moja kwa mwezi, kwa miezi 12. Usipunguze, kwa sababu ukuta hupanuka na kusinyaa kufuata misimu, na miezi mitatu peke yake inaweza kukudanganya. Ufa unaofunguka na kufunga unapumua tu. Unaofunguka bila kurudi unatembea.

Ukuta ulioinama upimwe kwa timazi, uzi wenye uzito mwishoni: ining'inize kutoka juu na uandike umbali kila sentimita 50. Kuna kanuni ya kale ya theluthi ya kati: uzito ubaki ndani ya theluthi ya katikati ya unene wa ukuta. Kwa ukuta wa unene wa sentimita 60, uzito ukihama zaidi ya sentimita 10 kutoka katikati, upande mmoja unaacha kubanwa na kuanza kuvutwa. Uashi wa mawe unavumilia sana kubanwa, lakini kuvutwa hauwezi.

Kwa nini mnakataza saruji? Si ndiyo imara zaidi?

Uimara wake ndio unaoua. Kabla ya saruji ya kisasa kuenea, kuta nyingi za mawe na matofali zilishikwa kwa chokaa au udongo, vitu laini vinavyopitisha mvuke. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa nje. Ukiupiga lipu ya saruji, umeuvisha koti la mpira. Maji huingia kupitia nyufa nyembamba kama unywele lakini hayana njia ya kutoka. Nyuma ya lipu ukuta unabaki umelowa mwaka mzima, ncha za boriti zinaoza, na mwisho lipu inaanguka kwa mabamba makubwa ikiwa imeng'oa uso wa tofali. Kwenye viungio vya kati ya mawe ni hivyohivyo. Kiungio kinapokuwa kigumu kuliko jiwe, ni jiwe linaloliwa. Utaona ukuta ambao mawe yamechimbika kama meno mabovu na mistari ya saruji imesimama mbele yao, mizima. Ukishauona mara moja, hutausahau.

Chokaa hufanya kinyume chake. Mawe ya chokaa au matumbawe huchomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi, huzimwa kwa maji, na yakishakuwa ukutani huvuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe polepole. Kwa kujaza viungio, tumia kipimo 1 cha chokaa laini iliyozimwa na kukaa majini miezi 3 au zaidi, kwa vipimo 3 vya mchanga msafi wenye chembe za ukubwa tofauti. Ponda na kukanda mpaka ilainike, na usikimbilie kuongeza maji. Chokonoa kiungio kwa mkono, kina mara mbili ya upana wake, bila mashine ya kukata inayochana kingo za mawe. Lowesha ukuta, shindilia kwa tabaka zisizozidi milimita 10, kisha funika kwa magunia yenye unyevu na unyunyizie maji kwa wiki nzima, au zaidi hali ya hewa ikiwa kavu.

Ikiharibika, sababu haziko mbali. Ikiwa unga unaofutika kwa kidole, ilikauka kabla ya kushika: jua, upepo, au fundi aliyeondoa magunia mapema. Ikipasuka kama matope ya bwawa, chokaa ilizidi au tabaka lilikuwa nene. Ikitoa unga mweupe wenye ladha ya chumvi, mchanga ulitoka ufukweni. Na usikubali ushauri wa kuongeza saruji kidogo ili ishike haraka: kiasi kidogo hakikupi uimara wa saruji, nacho kinaharibu ulaini wa chokaa.

Saruji iliyokwisha kupigwa, ijaribu kwanza mahali padogo. Ikiachia yenyewe, iondoe. Ikiwa kuibandua kunavunja jiwe, iache mpaka ilegee.

Je, ning'oe miti iliyoota ukutani?

Usivute kamwe. Ndege huangusha mbegu ya mtini kwenye ufa, na baada ya miaka michache mizizi imeingia moyoni mwa ukuta na kuyashika mawe. Ukivuta, yanatoka yote pamoja. Kata shina karibu na ukuta, weka dawa ya kuua kisiki kwenye jeraha palepale, kisha subiri mizizi ife, ikate vipande na ujaze tundu kwa chokaa. Mtambaa unaopanda kutoka ardhini ukate kipande cha shina karibu na chini, uache sehemu ya juu ikauke msimu mzima ndipo uibandue.

Ta Prohm, hekalu la Angkor nchini Kambodia, liliachwa kwa makusudi na miti yake. Wageni wanalipenda kwa hilo, lakini hakuna mahali panapoonyesha vizuri zaidi mtego wenyewe: mizizi ileile inayopasua kuta ndiyo inayozishikilia, na mti ukianguka huondoka na jengo.

Si kila mmea ni adui. Juu ya kuta za magofu yasiyo na paa, tabaka la udongo lenye nyasi zenye mizizi mifupi hufanya kazi ya kofia: hunyonya mvua na kupunguza tofauti ya joto la mchana na usiku. Mara nyingi ni bora kuliko kofia ya saruji.

Kuta zinatoka unga mweupe. Nizioshe?

Hapana. Ni chumvi, na maji yataiyeyusha na kuirudisha ndani. Ipige brashi ikiwa kavu, uizoe na kuitupa mbali, kisha utafute maji yanayoileta.

Majengo ya zege ya karne ya 20 nayo yanaoza?

Sana, na kwa njia yake. Zege mpya ina ualikali mkali (kinyume cha asidi) unaolinda nondo zisishike kutu. Hewa ya ukaa huingia polepole na kuupunguza, na upungufu huo ukifika kwenye nondo ulinzi umekwisha. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo zege inapasuliwa kutoka ndani. Kwanza mstari mwembamba unaofuata nondo, kisha doa la kahawia, kisha kipande kinaanguka. Hewa ya bahari huharakisha yote haya.

Hashima, kisiwa cha makaa ya mawe karibu na Nagasaki, ndiyo darasa kubwa. Kina hekta 6.3 tu, na mwaka 1959 kiliishi watu 5,259. Jengo lake la kwanza la zege la ghorofa lilianza kujengwa mwaka 1916. Mgodi ulifungwa mwaka 1974, watu wakaondoka, na mawimbi yakaendelea. Hapo pia wakati wa vita walifanyishwa kazi kwa nguvu watu kutoka Korea na China, na anayevutiwa na madirisha matupu ya Hashima anapaswa kujua waliotazama nje kupitia hayo ni akina nani.

Hatuna pesa za ukarabati. Tufanye nini?

Lifungeni vizuri. Jengo lililofungwa kwa ufundi linaweza kusubiri miaka kadhaa, pengine kumi. Lililopigiliwa mbao tu na kuachwa linaweza kuoza haraka kuliko lililo wazi, kwa sababu unyevu umefungiwa ndani.

Andikeni na kupiga picha kila kitu kabla ya kugusa. Wekeni nguzo za muda chini ya boriti zenye wasiwasi, tena nguzo zishuke hadi ardhini, kwa sababu nguzo iliyosimama juu ya sakafu mbovu inahamisha tu tatizo ghorofa ya chini. Toeni wanyama, mkihakikisha hakuna makinda wala popo waliobaki ndani. Nchi nyingi zinawalinda popo kisheria. Fungeni maji kwenye bomba kuu na kukausha mabomba yote. Kateni umeme usiohitajika.

Pesa ikitosha kitu kimoja tu, kiwe paa. Turubai huchanika na upepo ndani ya miezi, na likichanika hupiga vigae mpaka vivunjike. Mabati juu ya fremu nyepesi yanadumu. Safisheni gata, na mlizamu uliooza mbadilisheni hata kwa bomba la plastiki, mradi maji yatupwe mbali na msingi.

Kwenye madirisha, msipigilie misumari kwenye fremu za kale. Kateni plaiwudi ya milimita 12 au zaidi iingie kwenye uwazi, wekeni mihimili miwili ya mbao kwa ndani, kisha pitisheni bolti ndefu kutoka ubao wa nje hadi mihimili hiyo na kukaza nati ndani. Fremu inabaki bila jeraha na mwizi hana pa kuingiza mtaimbo. Kila ubao uwe na matundu yenye wavu, chini kwenye ghorofa ya ardhini na juu kabisa kwenye ya mwisho, ili hewa ipande kama kwenye bomba la moshi. Milango ya ndani, na ya makabati pia, iachwe wazi.

Halafu kazi ambayo watu huisahau: kulitembelea. Mara moja kwa mwezi na baada ya kila dhoruba, kwa orodha ileile na picha kutoka mahali palepale. Nyasi zikatwe, taa moja iwake. Jengo linaloonekana lina mwenyewe haliibiwi shaba wala halichomwi moto kirahisi.

Kuna hatari gani nikiingia?

Pata ruhusa kwanza, nenda na mwenzako, na mtu wa tatu ajue mko wapi. Sakafu ya mbao yenye doa la maji usiikanyage kabisa. Palipo pazima, tembea kando ya ukuta na juu ya mstari wa misumari, kwa sababu misumari inaonyesha boriti ilipo. Zulia na majani huficha matundu. Kinyesi cha popo na ndege huweza kuwa na kuvu inayoshambulia mapafu, rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, na mabomba yaliyofungwa kitambaa cheupe chenye nyuzi huenda yana asbesto, kwa hiyo barakoa ya vumbi laini inahitajika, na kipande cha kitambaa hakitoshi. Visima na matangi ya chini huua kwa hewa iliyochoka, isiyo na oksijeni ya kutosha, hata yakiwa makavu.

Jengo linalokarabatiwa nalo si salama kwa kuwa tu mafundi wamefika. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wakapoteza maisha.

Picha zangu zinaweza kusaidia?

Zinaweza, zikipigwa kwa mpango. Kila chumba kipige kutoka kona zake nne, kisha kila ukuta ukiwa mbele yako sawasawa, dari, sakafu, na mlango ulioingilia. Weka rula kando ya kila kitu cha karibu. Ukitaka programu ijenge umbo la pande tatu, kila picha ifunikane na iliyotangulia kwa asilimia 60 hadi 80. Pima chumba kwa futi kamba pande zote nne na milalo miwili ya kutoka kona hadi kona, kwa kuwa vyumba vya kale si mraba kamili na bila milalo hutaweza kuvichora. Jina la faili liwe na tarehe, jengo, ghorofa na namba ya chumba. Mahali jengo lilipo usipatangaze hadharani, kwa maana wezi wa milango ya kuchonga nao wanasoma. Na usichukue kitu. Kitasa kikiwa mlangoni ni ushahidi, kikiwa mfukoni mwako ni chuma.

Lirudishwe kama lilivyokuwa, au gofu libaki gofu?

Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unaweka mpaka: ukarabati usimame pale ubunifu wa kukisia unapoanza. Mawe yaliyoanguka na ambayo nafasi yake inajulikana yanaweza kurudishwa, na kilichoongezwa kionekane kuwa kipya ukikisogelea.

Kuba ya Hiroshima ilibaki imesimama baada ya bomu la Agosti 1945. Mwaka 1966 jiji liliamua ihifadhiwe kama ilivyo, na mwaka 1967 nyufa zake zilijazwa gundi ya epoksi ili isisogee zaidi. Hiyo ni kazi isiyokwisha, maana kulizuia gofu lisiendelee kuanguka mara nyingi ni kugumu kuliko kuliezeka.

Likipata watu, lipewe watu. Stesheni ya Michigan Central mjini Detroit ilifunguliwa 1913, treni ya mwisho ikaondoka Januari 1988, na miaka thelathini ya mvua na wezi wa chuma ikafuata. Ford iliinunua mwaka 2018, maji yakapampiwa kutoka chini na kuta zikaachwa zikauke kwanza, na milango ikafunguliwa tena Juni 2024. Sisi tunaona utaratibu huo wa kukausha kabla ya kupaka chochote ndio fundisho kubwa zaidi la kazi ile.

Kama tuna picha na vipimo, kubomoa kunapoteza nini?

Vitu ambavyo picha haivibebi. Kwenye nyumba za kale za pwani ya Waswahili vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi; upana wa chumba uliamuliwa na mti. Unaweza kuliandika hilo, lakini ukisimama ndani unalijua kwa mabega yako. Juu ya boriti kuna alama za tezo, na kutoka alama hizo fundi wa leo anajifunza mwenzake alishika chombo vipi. Ndani ya chokaa kuna vipande vya makaa vilivyobaki tangu tanuri, na makaa hayo yanaweza kupimwa umri maabara. Kwenye tofali la kuchoma, mara moja moja, utakuta vidole vinne vya aliyelinyanyua likiwa bado bichi, vilivyozama kiasi cha punje ya mchele.

Stesheni ya Pennsylvania ya New York ilifunguliwa mwaka 1910 na kuanza kubomolewa 1963. Hasira iliyofuata ilisaidia kuzaa sheria ya jiji ya kulinda majengo mwaka 1965, na majengo mengine yakaokoka kwa sababu hiyo. Picha za ukumbi wake zipo nyingi na ni nzuri mno. Nguzo zake nyingi za mawe zilitupwa kwenye vinamasi vya New Jersey.